Ugumu Unaosimulia: Mwongozo Kamili wa Kuoanisha Changamoto na Hadithi Ndani ya Gemu

Mchezaji akifa mara 40 mahali pamoja kisha akavuka, mahali pale hapasahau. Swali ni atapakumbukaje: kwa vidole vilivyouma, au kwa mhusika aliyekuwa anapanda naye? Gemu nyingi ngumu huishia kwenye vidole. Nyingi zenye hadithi nzuri nazo humwacha mchezaji akibonyeza vitufe ili tu aone kitakachofuata, kama mtu anayefunua kurasa. Zinazoacha alama ni chache, na zina sifa moja: ukiondoa ugumu wake hadithi inaanguka, na ukiondoa hadithi ugumu unageuka kero.

Mwongozo huu ni wa anayetengeneza gemu, awe peke yake au na kikundi kidogo. Wote umesimama juu ya kanuni moja: kinachomtoa jasho mchezaji kiwe kilekile kinachomtoa jasho mhusika. Mifano kadhaa inafichua miisho ya gemu, lakini jina la gemu linatangulia kila mara, kwa hiyo asiyetaka kujua ataruka aya.

Hatua ya 1: Tafuta kitenzi kabla ya mhusika

Wengi huanza na mhusika, ulimwengu wake, vita vilivyopita na ramani, halafu ndipo wanatafuta mchezaji atafanya nini humo ndani. Mara nyingi jibu linakuwa kupiga, kwa sababu kupiga ni rahisi kutengeneza. Hapo hadithi na mchezo vimeshaachana njia panda, na hakuna mazungumzo yatakayovirudisha pamoja.

Anza na kitenzi. Andika sentensi moja yenye umbo hili: "Mhusika anahangaika ku-___, na mchezaji atahangaika ku-___." Nafasi zote mbili zijazwe neno moja. Zikijazwa maneno mawili tofauti, bado hujapata gemu yako.

Tazama Shadow of the Colossus, iliyotoka 2005 chini ya uongozi wa Fumito Ueda. Kitenzi chake ni kushikilia. Mchezaji anapanda miili ya majitu 16 huku amebana kitufe kimoja, na akikiachia anaanguka. Nguvu ya mkono inapungua kadiri anavyoning'inia. Hadithi nayo ni ya kijana Wander ambaye hakubali kumwachia msichana aliyekufa. Mwishoni anavutwa na upepo kuelekea kwenye bwawa, na mchezaji anaendelea kubana kitufe kilekile, anashika ngazi, anateleza, anashika tena. Hakuna njia ya kushinda pale. Lakini karibu kila anayefika anapambana, kwa sababu kwa saa nyingi kidole chake kimefundishwa kwamba kuachia ni kufa. Mchezaji anaelewa ukaidi wa Wander kwa mkono wake mwenyewe.

Papers, Please ya Lucas Pope, ya 2013, imejengwa juu ya kukagua. Wewe ni mkaguzi wa mpakani katika nchi ya kubuni ya Arstotzka, saa inakimbia, kila siku kanuni zinaongezeka, na mshahara unategemea idadi ya watu uliowashughulikia sawasawa. Makosa mawili ya kwanza ya siku ni onyo tu. La tatu linakatwa pesa. Kitu kidogo hicho kina maana kubwa. Mchezaji anagundua kwamba ana makosa mawili ya bure kila siku, na anaweza kuyatumia kumpitisha mtu mwenye shida ambaye karatasi zake hazijakamilika. Lakini akiwa mzembe asubuhi, huruma yake ya jioni itamgharimu chakula cha familia. Umakini wa macho umekuwa akiba ya utu, na hakuna aliyelazimika kumwambia hivyo.

Vitenzi vinavyofaa kujaribiwa: kubeba, kusubiri, kuficha, kufuata, kukumbuka, kusawazisha. Kimoja tu. Gemu ya saa tatu ikiwa na vitendo viwili au vitatu vilivyokomazwa vizuri inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Geuza kitenzi kiwe namba

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate hadi mwisho: dada anambeba mdogo wake mgongoni kuvuka bonde lililofurika. Kitenzi ni kubeba. Katika mchoro wa vigae (miraba midogo inayounda ramani ya gemu), weka namba hizi uanze nazo:

- Dada akiwa peke yake anaruka upana wa vigae 4.
- Akiwa amebeba anaruka vigae 2 na nusu.
- Kumshusha au kumbeba mtoto kunachukua sekunde 1, na katika sekunde hiyo hakuna anayesogea.
- Mtoto aliyeshushwa hukaa kimya sekunde 8, kisha analia, na kilio kinavuta wanyama.

Tayari shimo la vigae 3 lina maana mbili. Dada akiwa peke yake si kitu. Akiwa na mtoto ni ukuta. Hapo tumeshasema kitu kuhusu kulea bila kuandika mstari hata mmoja.

Sasa ongeza namba ya tano, ambayo mchezaji haoni: kila dada akirudi kabla mtoto hajalia, muda wa ukimya unaongezeka nusu sekunde, hadi ukomo wa 14. Akichelewa, unapungua nusu sekunde, usishuke chini ya 6. Akirudi kwa wakati mara 12, mtoto anasubiri sekunde 14. Imani ya mtoto imekuwa namba, na ugumu wa levo zinazofuata unategemea jinsi mchezaji alivyomtendea huko nyuma.

Kosa la kawaida hapa ni kuchora mstari wa muda juu ya kichwa cha mtoto. Ukiuchora, mchezaji atatazama mstari, hatamtazama mtoto. Tumia mwili wake: sekunde 3 kabla ya kulia anageuza kichwa kuelekea alikokwenda dada, na sekunde 1 kabla anashika ncha ya nguo yake. Mchezaji atajifunza kusoma ishara hizo mapema kuliko unavyodhani, na akishazijua atakuwa anamwangalia mtoto muda wote. Huko ndiko tunakotaka macho yake yawe.

Hatua ya 3: Panga levo kama mafunzo ya mhusika

Kila wazo jipya lipite mahali patatu. Kwanza pa salama, ambapo kukosea hakuui. Pili pa hatari, ambapo kitu kilekile sasa kina gharama. Tatu pa kugeuza, ambapo alichozoea hakitoshi. Katika mfano wetu:

Levo ya 1: dada peke yake, mashimo ya vigae 3, si chini ya 10, ili kidole kizoee. Levo ya 2: njia ileile kwa kurudi, sasa amembeba mtoto. Mchezaji ataruka shimo la kwanza kwa mazoea na kutumbukia. Liwe na maji ya kina kifupi, asife. Anajifunza kushusha, kutafuta ubao, kurudi, kupita. Levo ya 3: wanyama wanaingia, ukimya una thamani. Levo ya 4: hakuna ubao, ila kuna njia mbili, fupi ambayo mtoto hataweza kumwona dada, na ndefu ambayo atamwona. Muda wa ukimya ukiwa umeshakua, ndefu inawezekana kwa raha. Ukiwa umepungua, mchezaji anachagua kati ya mabaya mawili.

Celeste, ya 2018, ina mfano safi wa hatua ya kugeuza. Madeline anapanda mlima akiwa na mruko mmoja wa kasi hewani. Akiutumia, lazima akanyage chini kabla ya kupata mwingine. Mapema katika safari anakimbizwa na upande wake mwingine, ule wenye hofu, na anajaribu kumtoroka. Anapoacha kukimbia na wawili hao wakapatana, anapata miruko miwili. Sehemu ambazo zisingewezekana sasa zinapitika, na mlima haujabadilika. Mwandishi angeweza kuandika ukurasa mzima kuhusu kujikubali. Badala yake mchezaji anabonyeza mara mbili, anajikuta juu zaidi, na anaelewa.

Kumbuka hili unapogawa nguvu mpya: mpe mchezaji uwezo pale mhusika anapobadilika, wala usiuweke ndani ya sanduku lililofichwa pembeni. Sanduku la pembeni lifae kwa vitu vidogo.

Hatua ya 4: Amua kifo kinasema nini

Hapa ndipo gemu nyingi zinapoteza hadithi. Mhusika anakufa, skrini inakuwa nyeusi, anarudi, na hadithi inajifanya haijaona. Hilo linaweza kuwa sawa, lakini liwe uamuzi wako. Kuna njia nne zinazofanya kazi.

Ya kwanza ni kifo ambacho hakikutokea. Unakosea, mara moja uko tena mwanzo wa skrini. Kinafaa pale hadithi inapohusu kujaribu tena na tena, kama Celeste. Sharti lake ni kasi: toka kufa hadi kuweza kusogea tena isizidi sekunde 1.

Ya pili ni kifo kilichomo ndani ya ulimwengu. Dark Souls ya 2011, iliyoongozwa na Hidetaka Miyazaki, inawaweka watu waliolaaniwa wasife. Anayepoteza sababu ya kuendelea ndiye anayegeuka gofu lisilo na akili. Ukifa, roho ulizokusanya (ndizo sarafu ya gemu hiyo) zinabaki pale ulipoangukia, na una safari moja ya kuzichukua. Ukifa tena njiani, zimekwenda. Ukipumzika kwenye moto unapona, lakini karibu maadui wote uliowaua wanafufuka. Kila sheria hapo ni kanuni ya mchezo na pia ni habari kuhusu ulimwengu huo. Mchezaji anayezima mashine kwa kukata tamaa amefanya kilekile kilichowageuza wengine kuwa magofu, na anayerudi amejibu swali ambalo gemu lilikuwa linamuuliza.

Hades, iliyotoka rasmi 2020, imekwenda mbali zaidi. Zagreus anajaribu kutoroka kuzimu, na kila akifa anatokea nyumbani kwa baba yake, ambako watu wana la kumwambia kuhusu safari hiyo, pamoja na yule aliyemuua. Kushindwa kunafungua mazungumzo mapya. Hata kutoroka mara moja hakumalizi: inahitajika kufika juu mara 10 kabla majina ya watengenezaji hayajapita kwa mara ya kwanza. Kurudia, ambako kwingine kungechosha, huku ndiko kunakojenga uhusiano wa familia.

Sekiro ya 2019 inaweka gharama juu ya wengine: mhusika akifa na kufufuka mara nyingi, watu aliokutana nao wanaanza kuugua. Ni njia kali ya kumwambia mchezaji kwamba kufufuka si bure.

Ya tatu ni kifo kinachoacha ujuzi tu. Katika Outer Wilds, ya 2019, jua linalipuka baada ya dakika 22 na kila kitu kinaanza upya. Hubaki na silaha wala nguvu mpya, unabaki na ulichoelewa. Njia hii inaifaa hadithi ya uchunguzi, na inadai kazi kubwa ya kupanga nani anajua nini na wapi.

Ya nne ni kifo cha kudumu, ambapo mwenzako akianguka vitani harudi. Kinauma, lakini kinahitaji hadithi inayoweza kuendelea bila mtu yeyote kati yao. Kama huna uwezo wa kuandika matoleo hayo yote, kiache.

Katika mfano wetu wa dada na mtoto tungechagua ya kwanza kwa dada kuanguka, na kitu kingine kabisa kwa mtoto: mtoto hafi. Akifikiwa na mnyama, anatoroka na kujificha, na dada analazimika kumtafuta kwa dakika moja hivi huku akimsikia analia kwa mbali. Dakika hiyo inauma kuliko skrini nyeusi, na haivunji hadithi.

Hatua ya 5: Pima umbali wa kurudi

Umbali kati ya kufa na kujaribu tena ndio unaoamua kama mchezaji atabaki ndani ya hadithi au atatoka nje na kuanza kukulaumu. Kwa levo za skrini moja, sekunde 1 kama tulivyosema. Kwa bosi, yaani adui mkubwa wa mwisho wa sehemu, njia ya kumfikia isizidi sekunde 30, isipokuwa njia yenyewe ina jambo la kusema, kama ile safari ya kurudia roho zako katika Dark Souls.

Kosa linaloudhi wachezaji kupita yote ni kuweka mazungumzo marefu kati ya kituo, yaani pale unaporudishwa ukifa, na bosi. Bosi anazungumza dakika mbili, anakuua kwa sekunde kumi, na unamsikiliza tena. Kufikia mara ya nne maneno yale mazito yamekuwa kelele, na umemharibu adui wako mwenyewe. Weka kituo baada ya mazungumzo. Mara ya pili bosi aseme sentensi moja fupi inayoonyesha anakukumbuka, mara ya tatu nyingine, na kuanzia ya nne anyamaze na kuanza pambano. Mistari mitatu ya ziada ni kazi ya mchana mmoja, na inamfanya adui aonekane yu hai.

Hatua ya 6: Mtendee haki mchezaji mikononi

Kifo cha haki kinamfanya mchezaji aseme "nimekosea". Cha dhuluma kinamfanya aseme "gemu imenionea", na dakika hiyo mhusika ametoweka akilini mwake, amebaki na wewe mtengenezaji. Kwa hiyo haki ya vitufe ni suala la hadithi. Namba za kuanzia ni hizi:

- Muda wa huruma ukingoni: mchezaji aliyetoka pembeni ya kigae aweze bado kuruka kwa sekunde 0.1, yaani fremu (picha za skrini) 6 kati ya 60 za sekunde moja. Hiki ndicho kiwango cha Celeste.
- Kitufe cha kuruka kilichobonyezwa mapema kidogo kabla ya kutua kikumbukwe kwa takriban sekunde 0.1.
- Kichwa kikigusa kona ya kigae kwa pikseli chache, msogeze pembeni badala ya kumkatisha.
- Eneo la mwili linaloweza kuumizwa liwe dogo kuliko mchoro. La silaha ya mchezaji liwe kubwa kidogo kuliko mchoro.
- Adui atoe ishara kabla ya kupiga. Mtu huhitaji karibu robo sekunde kuona na kubonyeza, na muda zaidi kuchagua abonyeze nini. Anza na sekunde 0.5 kwa maadui wa mwanzo, shuka hadi 0.35 kwa wale anaowajua. Chini ya 0.25 unapima kumbukumbu, hupimi tena uangalifu.

Ukitaka mhusika ahisi mchovu au mwenye hofu, usiviharibu vitufe kwa siri. Punguza uwezo wake waziwazi, kama vigae 2 na nusu vya dada aliyebeba. Mchezaji husamehe mzigo anaouona. Hasamehe kitufe kilichokataa kufanya kazi.

Hatua ya 7: Maneno yakae mahali pa kupumzikia

Mtu anayekwepa mishale hasomi. Ukiweka siri kubwa ya hadithi kwenye maandishi yanayopita chini ya skrini wakati wa pambano, umeitupa. Wakati wa ugumu tumia vitu ambavyo havihitaji kusomwa: muziki unaobadilika, pumzi ya mhusika, mwendo wa adui anayeanza kuchechemea. Maneno ya sauti yasizidi matano kwa wakati mmoja, na yawe ambayo kuyakosa hakumpotezi mchezaji.

Halafu tengeneza mahali pa kutua. Baada ya dakika 10 hadi 15 za taabu, toa 2 au 3 za utulivu, bila adui na bila saa. Hapo ndipo mtu husikiliza kweli, kwa sababu mwili wake ndio kwanza umeshusha mabega. Celeste inaweka mazungumzo yake marefu ya moyoni kando ya moto wa kambi, na si bahati.

Dark Souls nayo inaficha historia yake ndani ya maelezo mafupi ya vitu: pete, upanga, kipande cha nguo. Inafanya kazi kwa sababu kitu chenyewe kimepatikana kwa jasho. Upanga uliokugharimu saa mbili utausoma. Maelezo yaleyale yangewekwa ndani ya kitabu mezani, wengi wangepita.

Hatua ya 8: Kilele kiwe mtihani wa kitenzi

Bosi wa mwisho mwenye uhai mwingi na mapigo makubwa si kilele, ni ongezeko tu. Kilele kinampima mchezaji kwa kitenzi kile cha sentensi ya kwanza, kikiwa kimepinduliwa.

Brothers: A Tale of Two Sons, ya 2013, iliyoongozwa na Josef Fares, inampa mchezaji ndugu wawili kwenye pedi moja: kijiti cha kushoto na kitufe chake ni cha kaka, cha kulia ni cha mdogo. Mdogo anaogopa maji, na kila mto anavushwa mgongoni mwa kaka. Kaka anakufa. Mdogo anafika mtoni peke yake, na kitufe chake hakifanyi kitu. Kitufe kinachomwogelesha ni cha kaka, kile ambacho kidole cha mkono wa kushoto kimekaa bila kazi tangu mazishi. Haukuhitajika ujuzi mkubwa pale, lakini ilihitajika muda mrefu wa kuzoea mikono miwili ili mmoja ukikosekana uhisike.

Kwa mfano wetu: dada anaumia mguu. Sasa mchezaji anamwongoza mtoto, anayeruka kigae 1 na nusu tu. Mashimo ya vigae 3 ya levo ya kwanza yamerudi, yaleyale. Ila mtoto aliona mara ngapi dada akitafuta ubao. Mchezaji anajua la kufanya bila kuelekezwa. Na muda ambao dada anasubiri kimya bila kukata tamaa tunauchukua kutoka kwenye ile namba iliyofichwa: aliyejenga imani hadi 14 ana nafasi pana, aliyeivunja ana haraka.

Undertale ya 2015 inatumia ugumu kama hukumu. Anayechagua kuua kila kiumbe anakuta njia iliyo tupu na ya kuchosha, kisha pambano la kikatili dhidi ya Sans ambaye nia yake ni kumchosha mchezaji hadi aache. Ugumu ule haukuwekwa kwa ajili ya kujigamba. Ni ulimwengu unaokataa kuuawa.

Hatua ya 9: Weka njia ya kupunguza bila kuaibisha

Wachezaji wana mikono, macho na muda tofauti. Vigawe vipimo vya ugumu badala ya kuweka "rahisi" na "ngumu" tu. Celeste inamruhusu mchezaji kupunguza kasi ya gemu, kuongeza miruko, kuondoa uchovu wa mikono au kutoumia kabisa, kila kimoja peke yake, wakati wowote. Hades ina hali inayopunguza maumivu kwa asilimia 20 mwanzoni na kuongeza 2 kila unapokufa, hadi 80. Hii ya pili ni nzuri sana kwa sababu inakubaliana na hadithi: Zagreus anakomaa kwa kufa.

Unapochagua cha kulegeza, rudi kwenye kitenzi. Katika gemu ya kubeba tungelegeza wanyama, muda na maporomoko, lakini tofauti kati ya vigae 4 na 2 na nusu ibaki. Mzigo ukiondoka, hakuna kilichobaki cha kusimulia. Majina ya hali hizo yasimdhihaki mtu, na usimfungie mwisho wa hadithi aliyezitumia.

Mambo yanayoharibika, na dawa zake

Hadithi inasema haraka, gemu inasema taratibu. Mtoto ametekwa, lakini mchezaji anatumwa kukusanya uyoga 20. Ama ipe haraka saa ya kweli, ama iandike hadithi isiyo na haraka katika sura hiyo.

Mhusika mpole anaua mamia. Mwaka 2007 mbunifu Clint Hocking alikosoa gemu ya BioShock kwa mgongano wa namna hii, mchezo ukisema jambo moja na hadithi jingine, na istilahi aliyoitunga, "ludonarrative dissonance", bado inatumika. Dawa ni kupunguza idadi ya maadui na kumfanya kila mmoja awe mgumu, au kubadili kitenzi.

Mchezaji anashinda, kisha kipande cha sinema kinasema ameshindwa. Hili linavunja imani mara moja. Kama hadithi inadai kushindwa, fanya kama Sekiro mwanzoni: pambano limepangwa ushindwe, lakini ukimshinda adui, tukio linabadilika kidogo na unapigwa kwa hila ya kuvurugwa mawazo. Ujuzi wako umetambuliwa.

Ugumu unapanda bila kupumzika. Mchezaji anachoka katikati, kwa kawaida karibu na theluthi ya pili. Baada ya kila bosi, weka levo moja ambapo uwezo mpya unamfanya ajisikie mwepesi.

Hatua ya 10: Jaribu na watu, usiseme neno

Wapate watu watano ambao hawajaiona gemu. Kila mmoja dakika 45, peke yake, wewe ukikaa nyuma kimya. Chukua karatasi yenye safu tatu: mahali alipofia, sababu kwa maneno yake mwenyewe, na lolote alilosema kuhusu mhusika. Wakifa watatu kati ya watano mahali pamoja kwa sababu ileile, na wote wakasema hawakuona, tatizo ni ishara yako. Waliona lakini wakachelewa? Acha kama ilivyo, au ongeza sekunde 0.05.

Safu ya tatu ikibaki tupu kwa dakika 20, ugumu umeimeza hadithi. Rudi hatua ya 7 uongeze mahali pa kutua.

Kisha fanya jaribio la pili na watu wengine watano: zima maandishi yote na sauti za mazungumzo. Wakimaliza waombe wakusimulie kilichotokea. Hapo sikiliza viambishi vyao. Kila mchezaji husema "nimekufa" na "nimeanguka", hiyo ni kawaida. Lakini katika matukio ya hadithi, kuna atakayesema "dada alimwacha mtoto pale kwenye jiwe", na kuna atakayesema "nilimwacha mtoto pale kwenye jiwe". Andika ni levo zipi zimetoa "alimwacha" na zipi zimetoa "nilimwacha". Za kundi la kwanza ndizo za kufungua kesho asubuhi, ukianzia na ile ambayo namba zake hazihusiani na kubeba.